Shangazi Ameshuka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na imeanzia ofisini kwangu. Dari inavuja kama mwaka jana, ila safari hii tone limehama dirishani na kuja juu ya kiti changu. Nimeweka ndoo kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye sanduku la nyaya. Fundi wa ungo, lile dishi letu la paani, alipochungulia akauliza kama nimeshushwa cheo. Nikamwambia ndoo ina elimu kunizidi.

Nimenunua shajara hii kwa sababu nahitaji mahali pa kusema bila kukatizwa. Mambo yenyewe ni haya. Juu kabisa, mbali kupita mawingu, hewa ni nyembamba mno, na jua huzipokonya chembe zake elektroni, zikabaki na chaji ya umeme. Hizo ndizo ayoni. Hazitulii. Hupanda, hushuka, huenda mashariki, hurudi magharibi, na zikivurugika mawasiliano ya redio hukwaruza na ramani ya simu humwelekeza mtu kwenye ukuta wa jirani. Sisi tunazifuatilia kwa setilaiti moja kuukuu iliyobeba kipimo cha mwendo wa ayoni. Jina lake rasmi ni herufi na tarakimu. Sisi tunamwita Shangazi, kwa kuwa hupita haraka, hakai, na akiondoka huacha maneno ya kuchambua wiki nzima.

Sasa Shangazi amesema jambo la ajabu. Jua likishazama, ayoni huku kwetu huenda mashariki. Vitabu vinasema hivyo, na yeye mwenyewe amesema hivyo kwa miaka tisa. Tangu wiki mbili zilizopita anasema zinaenda magharibi.

"Kimezeeka," Mkuu wa idara alisema leo, akimaanisha kipimo, kisha akatusomea ujumbe wa Wenye Chombo, yaani lile shirika la mbali lililomrusha Shangazi. Betri inachoka, haiwezi tena kulisha vipimo vyote vinne. Mwisho wa Mei watakaa kikao, na kipimo chenye hitilafu ndicho kitakachozimwa kwanza. Ndicho changu hicho. Nimekifanyia kazi miaka sita. Kikizimwa hakiwashwi tena, na mwakani Shangazi mwenyewe ataungua angani, na hakuna mwingine aliyepangwa kupita njia yake.

Sitaki kizimwe. Nimeandika hapa ili nisije nikajifanya nilikuwa sijali.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Magharibi.

Ijumaa, 8 Machi

Magharibi tena. Fundi anasema huenda Shangazi ana mchumba huko.

Jumatatu, 11 Machi

Nimegombana na Mkuu. Nilipomwamkia aliitikia bila kuinua kichwa, nikajua kuna jambo. Alikuwa anaandika ujumbe wa kuwaambia Wenye Chombo kwamba sisi wenyewe tunakubali kipimo kizimwe.

"Mwanangu," akasema, "tukiwaambia mapema tutaonekana watu wazima. Tukisubiri watuambie wao, tutaonekana hatujui vitu vyetu."

"Na kama hakijafa?"

"Kwa hiyo ni ayoni zilizobadili mawazo?"

Sina tabia ya kulia kazini, lakini nilikaribia. Mkuu ni mtu anayebeba mwavuli hata kiangazi. Kabla hajavuka barabara hutazama pande zote mbili, kisha hutazama tena. Nimemheshimu siku zote, na leo nimemwona mwoga.

Nikamwomba asubiri hadi kikao. Akakuna kidevu. "Nipe sababu moja," akasema. "Moja tu, nami nitanyamaza." Sikuwa nayo. Nikasema nitamletea, kwa sauti ya mtu aliyeiacha nyumbani mezani. Ujumbe ameuweka kwenye droo, ila droo hakuifunga.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekagua kila kitu. Kwanza nilidhani Shangazi amegeuzwa uso, maana huwa wanamgeuza ili jua lisimchome upande mmoja, na akigeuzwa kushoto kwake kunakuwa kulia na mashariki inakuwa magharibi. Hajageuzwa. Nikaangalia saa yake, iko sawa. Nikaangalia kama programu yetu inasahau kutoa mwendo wa Shangazi mwenyewe kwenye mwendo wa ayoni. Haisahau.

Kazi hii nimeifanya na jamaa wa takwimu tunayemwita Labda. Mwulize kama ameshakula, atakwambia labda. Nilipomaliza kila ukaguzi nikisema "hapa pazima," yeye aliitikia "labda," mpaka nikatamani kumvalisha ndoo.

Tatizo jingine ni ungo wetu juu ya paa. Kumbukumbu ya Shangazi ilikufa mwaka juzi, kwa hiyo hasemi kitu ila kile anachokipima wakati huohuo akiwa juu yetu. Hupita asubuhi mara moja na jioni mara moja, dakika nane hivi, na ungo lazima umfuate kutoka upeo hadi upeo. Usipomfuata, maneno yamepotea. Vituo vingine viwili vilishaacha kumsikiliza. Tumebaki sisi, na mota ya ungo inakunywa maji ya mvua kama ina kiu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua, magharibi, mafua.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimekwenda kwa Mama. Mdogo wetu wa mwisho anaolewa tarehe mosi Juni, na Mama ameamua kuvaa gauni lake la bluu, lile alilovaa harusi ya kaka. Alipolivaa likamburuza sakafuni. Akasimama mbele ya kioo akilitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kitambaa kimelegea," akasema. "Vitambaa vya siku hizi."

"Mama, hiki si cha siku hizi. Kina umri wa ndoa ya kaka."

"Basi kimelegea kwa pasi. Mdogo wako hupiga pasi kama anapigana."

Nikachukua futi ya kushonea, nikapima gauni kuanzia begani. Urefu ni uleule ulioandikwa kwa wino ndani ya ukosi na fundi aliyelishona. Nikamwonyesha.

"Hiyo futi imevutika," Mama akasema.

Hakuambilika. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, pale Baba alipokuwa akituwekea alama za penseli tulipokuwa tunakua. Siku moja, kwa mzaha, Baba alimpima na Mama, na alama yake ipo mpaka leo juu ya zetu zote. Nikamsimamisha, visigino ukutani, nikaweka kitabu kichwani. Kilikuja chini ya ile alama, vidole viwili vizima.

Mama alitazama alama, akanitazama mimi, akatazama alama tena.

"Mwimo umepanda," akasema.

Tulicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka kweli, ingawa nikiwa mtoto Mama ndiye aliyekuwa mtu mrefu kuliko wote duniani. Baadaye akaniruhusu nipandishe pindo, kwa sharti kwamba watu wakiuliza niseme kitambaa kililegea.

Jumapili, 24 Machi



Asubuhi nilikuwa naosha vyombo huku nikicheka peke yangu. Mama kalaumu kitambaa, kalaumu pasi, kalaumu futi, mwishowe kalaumu mlango. Kitu pekee ambacho hakukifikiria ni kwamba yeye ndiye aliyeshuka. Nikasimama na sahani mkononi. Maji yakaendelea kutiririka.

Mlangoni kwa idara yetu kuna bango lenye picha ya Shangazi, na chini yake maandishi: kimo, kilomita 450. Wageni wakija tunawaimbia hivyo bila kutazama. Na ndani ya programu yetu, mstari wa tatu toka juu, kimeandikwa kimo hichohicho, na hakijaguswa tangu Shangazi arushwe. Tunapanga vipimo kwa saa, kwa mahali, kwa msimu. Kwa kimo hatujapanga hata siku moja, kwa kuwa kimo kilikuwa kimoja. Kwamba setilaiti hushuka kidogo kidogo tunajua wote. Ndiyo maana ataungua mwakani. Tulilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba mama yake anazeeka.

Nilikwenda ofisini na gauni la nyumbani chini ya koti. Mlinzi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, huenda kuna harusi.

Wenye Chombo hutuma kimo halisi cha Shangazi kila siku, na faili hizo tulikuwa tunazihifadhi bila kuzifungua. Nimezifungua. Njia yake si duara tena, imekuwa kama yai. Ncha ya juu iko kwenye mia nne na kitu. Ncha ya chini imekaribia mia tatu. Na pasi zake zote za jioni, yaani kila anapopita juu yetu, kwa wiki hizi tano, zimeangukia ncha ya chini.

Jumatatu, 25 Machi

Nimechora grafu upya. Badala ya saa nimeweka kimo. Nimeshaiona mara ishirini na bado naifungua kuihakikisha.

Juu ya kilomita mia tatu na hamsini hivi, ayoni za jioni zinaenda mashariki, kama vitabu vinavyosema. Chini ya hapo zinaenda magharibi. Katikati zinakaribia kusimama. Haijakaa kama kitu kilichoharibika, maana kitu kilichoharibika hutapakaa ovyo. Hii imepinda kwa utaratibu, kama maji ya mfereji yanavyokwenda mbele katikati na kurudi nyuma yakigusa ukingo. Kipimo hakikufa. Kimefika mahali pengine, na kinatueleza palivyo.

Nilimpelekea Mkuu. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Hii ni sababu moja," akasema. Akafunga droo, akanyamaza, kama alivyoahidi.

Nimetoka pale nikitembea juu ya madimbwi badala ya kuyakwepa. Viatu vimeharibika na sijali.

Jumanne, 26 Machi

Labda ameiona grafu.

"Labda ni joto," akasema. "Chini hewa ni nzito zaidi. Inakisugua chombo, kipimo kinapata moto, kinadanganya."

Damu ilinichemka. Nikamwuliza kama hata mtu akizaliwa yeye husema labda. Akasema labda. Nikatoka nje kupigwa mvua kidogo.

Jumatano, 27 Machi

Nimechukua pasi za asubuhi za mwezi wa Januari, wakati ncha ya chini ilipoangukia asubuhi. Kimo kilikaribia hiki cha sasa, msuguano ni uleule. Kipimo kilisema sawasawa na miaka yote. Kama ni moto, mbona asubuhi haukukidanganya?

Labda alikunywa chai yake yote kwanza.

"Sikiliza, dada," akasema. "Mimi nakuamini kidogo kuliko unavyotaka, na zaidi ya unavyodhani. Lakini wale wa kikaoni watasema umekaa na data mpaka ikakupa unachokitaka. Kueleza jambo likishatokea, kila mtu anaweza. Sema kabla."

Nilikasirika kwa dakika tano hivi. Kisha nikaona kwamba hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote nilizopewa msimu huu.

Maana inawezekana. Lile yai linazunguka polepole. Ncha ya chini itahama kutoka jioni, na ncha ya juu itakuja mahali pake. Kama kipimo ni kibovu, kitaendelea kusema magharibi, maana ubovu hauponi wenyewe. Kama mimi niko sahihi, siku Shangazi atakapovuka ule mpaka kwenda juu, ayoni za jioni zitageuka mashariki. Tumepiga hesabu, mimi na Labda, kila mtu na karatasi yake. Tumepata tarehe moja: 14 Mei.

Jumatatu, 8 Aprili

Kikao cha mtandaoni na Wenye Chombo. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mwenye sauti ya mtu anayetangaza treni. Nilionyesha grafu. Mwenzake akasema maneno yaleyale ya Labda kuhusu joto, na nikamjibu kwa pasi za asubuhi.

"Inavutia," Mwenyekiti akasema, na nikahisi neno hilo linanisukuma nje taratibu.

Hapo nikapiga moyo konde. "Kumi na nne Mei, jioni," nikasema. "Ayoni zitageuka mashariki. Zisipogeuka, zimeni, sitawasumbua tena."

Mkuu alikuwa kando yangu, na nilitegemea atakohoa, au atasema mwenzetu ana shauku kidogo, tumwelewe. Hakukohoa. "Idara inasimama na tarehe hiyo," akasema.

Simwelewi tena mtu huyu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua usiku kucha. Magharibi.

Jumatano, 17 Aprili

Labda amegundua kosa katika hesabu zangu mpya za kimo. Dogo, lakini lingenisogeza siku tatu; tumelisahihisha, na 14 Mei imebaki palepale. Nimemletea chai. Akauliza ina sukari. Nikasema labda. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka.

Jumatatu, 22 Aprili

Jioni nilipanda paani kutazama ungo. Mvua ilikuwa inapiga kweli. Nikamkuta Fundi amepiga magoti mbele ya sanduku la mota, kifuniko kimefunguliwa, bisibisi mdomoni, na juu yake amesimama Mkuu na mwavuli wake. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka soksi. Mwavuli wote ulikuwa juu ya sanduku.

"Tangu lini hivi?" nikamwuliza Fundi tuliposhuka.

"Tangu mvua ilipoanza. Kila jioni ikinyesha. We ulidhani mwavuli ule ni wa kwake?"

Nililidhani hilo miaka sita.

Jumapili, 28 Aprili

Mama kapiga simu kuuliza pindo limefikia wapi na ayoni zangu zimefikia wapi, kwa mpangilio huo. Nikamwambia vyote viwili vinapanda.

Ijumaa, 3 Mei

Betri ya Shangazi imeanguka kuliko walivyokadiria. Kikao hakitangoji mwisho wa mwezi. Ni tarehe 16.

Nimebakiwa na jioni mbili, ya kumi na nne na ya kumi na tano. Zikipita bila jibu, kipimo kinazimwa hata kama ayoni zitageuka siku inayofuata mbele ya dunia nzima.

Alhamisi, 9 Mei

Bado magharibi, lakini hafifu. Mstari umeanza kusogelea sifuri. Labda ameutazama na hakusema lolote, nami nimelichukua hilo kama shangwe.

Jumatatu, 13 Mei

Karibu sifuri kabisa. Roho yangu iko mkononi.

Jumanne, 14 Mei

Mvua ya leo haina mfano. Barabara ya mbele imekuwa mto, na umeme ulikatika mchana kutwa. Jenereta lilipowashwa, mota ya ungo ilitoa moshi kidogo, ikanguruma, ikafa. Fundi aliifungua yote. Maji yalikuwa yamejaa ndani kama kikombe.

Shangazi alipita juu yetu saa moja kasorobo. Tulijua sekunde aliyochomoza na sekunde aliyozama. Ungo ulikuwa umeinama unatazama bustani. Siku niliyoisubiri tangu Machi imepita juu ya kichwa changu ikiwa na jibu mdomoni, na sikusikia hata neno.

Nililia, ndiyo. Chooni, kwa adabu.

Jumatano, 15 Mei

Sijui nianzie wapi. Nitaanza asubuhi.

Mota mpya haipatikani kabla ya wiki mbili. Fundi aliniambia hivyo bila kunitazama usoni. Nikaketi kwenye sanduku langu la nyaya. Mkuu akaingia, Labda nyuma yake, na chumba kikajaa watu wanne na ndoo.

"Mota ni ya nini?" nikauliza. Nilikuwa nawaza kwa sauti.

"Kuzungusha ungo," Fundi akasema, kama anamjibu mtoto.

"Na ukifungua gia, ungo unasukumika kwa mkono?"

Fundi akanitazama. "Unasukumika. Ni mzito, lakini unasukumika. Ila utasukuma kwenda wapi? Humwoni."

"Labda naweza kupiga hesabu ya pembe," Labda akasema. "Kila sekunde kumi. Upande na mwinuko. Nitasoma kwa sauti."

Tulifanya mazoezi mchana kutwa. Fundi alichora alama za pembe kwa rangi nyeupe kwenye kitako cha ungo. Yeye akashika kulia, mimi kushoto. Mara ya kwanza tulichelewa, mara ya pili tukapishana, mimi nikivuta yeye akisukuma, tukaitana majina ambayo sitayaandika. Kufika saa kumi tulikuwa tunaenda sawa.

Saa kumi na moja mvua ikarudi.

Jua lilizama bila kuonekana. Tulikuwa paani sote wanne. Mkuu alikunja suruali mpaka magotini, akafungua mwavuli juu ya sanduku la kipokezi, akajipanga kama mtu anayepiga picha ya familia. Labda alijifunika mfuko wa plastiki kichwani, saa mkono mmoja, karatasi iliyotiwa nailoni mkono mwingine. Nilikuwa siku zote nikimwona mtu asiyeweza kuamua. Leo alisimama pale akasema: "Mbili sita tisa. Juu tano. Sasa." Wala hakusema labda.

Tukasukuma.

"Mbili saba moja. Juu kumi na mbili. Sasa. Mbili saba nne. Juu ishirini na moja. Sasa."

Chuma kilikuwa baridi na kinateleza. Maji yaliingia machoni na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Ungo ulipofika karibu na utosi ikabidi uzunguke haraka, na Fundi akaingiza bega lake zima chini ya mhimili, akaguna, ukaenda. Upepo ulijaribu kuung'oa mwavuli wa Mkuu. Akaukumbatia. Sikuwaza chochote ila namba inayofuata. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, hata kabla ya kujua lolote. Nilikuwa na watu wangu, na juu yetu, nyuma ya mvua yote ile, Shangazi anapita akisema.

"Tisa tatu. Juu nne," Labda akasema. "Ameshuka upeo. Basi."

Hakuna aliyekuwa chini kutazama kioo cha kompyuta. Tulishuka ngazi tukiacha mto nyuma yetu. Sikukaa. Nilibonyeza kwa kidole kimoja kilichokuwa kinadondosha maji kwenye kibodi.

Mapengo yalikuwepo, pale tulipochelewa. Lakini kati ya mapengo mstari ulikuwepo, na haukuwa chini ya sifuri. Ulikuwa juu. Mashariki. Mita arobaini kwa sekunde, hamsini, sitini, mashariki moja kwa moja, kimo kilomita mia tatu na sabini na moja.

Fundi alinishika mabegani akanitikisa. Mkuu aliweka mwavuli chini, bado umefunguliwa, ndani ya nyumba, akakaa juu ya kiti changu, juu ya ndoo iliyokuwa imejaa. Alitota makalio mazima na hakuinuka.

Labda aliegemea kioo, akahesabu nukta kwa kalamu moja moja mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Labda nilikosea," akasema.

Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 16 Mei

Kikao kilianza saa nne. Nilionyesha mstari, mapengo yote ndani yake, na kueleza mapengo yametoka wapi. Mwenyekiti akanisimamisha.

"Mmeuzungusha ungo kwa mikono?"

"Ndiyo."

"Katika mvua?"

"Hatukuwa na hali ya hewa nyingine."

Yule mwenzake wa joto akajaribu kusema kitu. Mkuu akaomba nafasi. "Mwezi wa tatu," akasema, "niliandika ujumbe wa kuwaambia mkizime kipimo hiki. Uko kwenye droo yangu. Ningeutuma, leo tungekuwa tumezima kipimo kisicho na ubovu kwa kosa la macho yetu. Msifanye nilichotaka kufanya mimi."

Walitoka dakika kumi, wakarudi. Mwenyekiti akasoma uamuzi kwa ile sauti yake ya treni. Kipimo cha ayoni hakizimwi. Vingine vitatu vitazimwa kwa zamu betri inavyopungua, na chetu kitakuwa cha mwisho, kiendelee kupima mpaka Shangazi atakapogusa hewa nzito na kunyamaza mwenyewe. Mota mpya watalipa wao. Kisha akaongeza, na hapo sauti ikawa ya mtu: "Hakuna aliyewahi kutuletea picha ya kule chini kwa muda mrefu hivi. Asante."

Nilisema asante na mimi. Ndilo neno pekee lililokuja. Tulipozima kamera Fundi alipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza, na Fundi akamkumbatia na yeye.

Jumatatu, 20 Mei

Mashariki. Jua kidogo asubuhi. Ndoo imepumzishwa.

Ijumaa, 24 Mei

Leo Mkuu ameleta kalamu na uzi. Amekata ile "450" kwenye bango, akaandika kimo cha leo pembeni, akafunga kalamu kwenye uzi na kuining'iniza palepale. Kila Ijumaa mmoja wetu ataandika kimo kipya. Amesema wageni wakituuliza tutazame kwanza ndipo tujibu.

Jumamosi, 1 Juni

Mdogo wetu ameolewa. Hakukunyesha hata tone. Mama alivaa gauni la bluu, pindo likagusa vifundo vya miguu sawasawa, na watu watatu walimsifia kitambaa. Alinitambulisha kwa wakwe kuwa ni mwanawe aliyeokoa kitu angani. Walipouliza kitu gani, akawaambia ni habari ndefu, wanywe kwanza.

Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni peke yake, viatu ameshavivua. Nilidhani anatafuta maji. Alikuwa amesimama mlangoni, visigino vimegusa mwimo, mgongo ameunyoosha, na penseli mkononi.

"Njoo unipime," akasema. "Sawasawa, usinipendelee."

Nikaweka kitabu, nikachora mstari chini ya ule wa Baba. Aligeuka, akautazama, akaugusa kwa kidole, kisha akanirudishia penseli.

"Weka na tarehe," akasema. "Mwakani utanipima tena."